Kwa Nini Mashine ya Maabara Haihami Namba

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na tisa Machi mwaka 2014, saa moja na dakika arobaini asubuhi. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na mashine hata moja katika hospitali yetu ya mlimani iliyokuwa na namba yake yenyewe. Baada ya siku hiyo ikawapo moja. Nimefua mashuka ya hospitali hii miaka ishirini na sita, wanangu, na ninyi wauguzi wapya mmeniuliza habari za kile kibao cha bati kilichopigiliwa ukutani maabara, chenye namba 17. Nawaeleza, kwa kuwa aliyekipigilia alikuwa mume wangu.

Zamani hizo kila mashine iliyoungwa kwenye mtandao wetu ilihitaji namba ili nyingine ziipate, kama barua inavyohitaji sanduku la posta. Wasomi huiita anwani ya IP. Mume wangu Eliapenda, aliyekuwa fundi wa hospitali, aliiita namba tu. Katika stoo ya dawa palikuwa na kisanduku cheusi, na kazi yake ilikuwa kugawa hizo namba. Mashine ilipowashwa iliomba, ikaazimwa namba iliyokuwa wazi. Ilipozimwa kwa muda, namba ilirudi, ikaazimwa mashine nyingine. Namba zilikuwa chache na zilitutosha, hata mgeni aliyekuja na simu yake alipata. Lilikuwa jambo jema, nasi tulimshukuru Mungu kwalo.

Alfajiri ile mvua ilikata umeme. Uliporudi, mashine zote ziliamka pamoja na kukimbilia kuomba, na kisanduku chenyewe kilikuwa kimesahau jana kilimpa nani nini. Mashine ya kuchapa ya ofisini kwa Mzee Zefania, karani wetu, ikatangulia. Ikapewa 17, ambayo hadi jana yake ilikuwa ya mashine ya kuchapa ya maabara, kwa kuwa ile haikuwa ikizimwa. Ile ya maabara ikapewa 31. Hapakuwa na mtu aliyekosea, wala hapakuwa na mtu aliyejua.

Wodi ya wazazi iko juu kabisa, ng'ambo ya korongo. Huko Sista Elifrida alikuwa peke yake na mama mmoja, Nakijwa, aliyekuwa amejifungua binti salama. Saa moja ilipopita kidogo, damu ya Nakijwa ikaanza kutoka na isikome. Simu hazikushika, maana mnara ulikuwa bado umelala. Sista akaandika ombi kwenye kompyuta na kulituma kwa 17, kama alivyofanya siku zote. Kompyuta ikamjibu kwamba limefika. Akarudi kumkandamiza mama tumbo, akingoja. Hakuja mtu. Akatuma tena, ikajibu limefika. Akatuma mara ya tatu. Kumwacha Nakijwa ili ateremke mwenyewe hakuweza.

Maombi yale yalikuwa yamefika kweli, lakini ofisini kwa Zefania. Nanyi mnajua desturi ya hapa: karatasi yenye upande mweupe haitupwi. Mzee Zefania, ambaye ndiye mwalimu wa kwaya, alikuta karatasi tatu zimetoka. Akadhani mashine inajijaribu baada ya umeme kurudi. Hakuzisoma. Alizigeuza, akachapa wimbo mpya upande wa pili, akazichanganya na nyingine na kwenda kanisani kwenye sala ya asubuhi, tunayosali wafanyakazi wote tusio zamuni kabla ya kazi.

Nilikuwepo. Tuliimba ubeti wa kwanza vizuri. Mume wangu, aliyeimba sauti ya nne, akageuza karatasi yake kutafuta ubeti wa pili. Akaisoma. Kisha akapaza sauti katikati ya wimbo.

"Zefania! Hii umeitoa wapi?"

"Imba kwanza, fundi. Unatuharibia sauti ya nne."

"Imba wewe!" akasema, naye alikwishafika mlangoni.

Karatasi iliandikwa hivi: Maabara. Damu kundi O, chupa mbili. Wodi ya wazazi. Haraka. Na chini yake: Jamani, haraka.

Alikimbia hadi maabara na kumkuta mtaalamu anakunywa chai, kwa kuwa hakuna ombi lililomfikia. Damu ilikuwemo kwenye jokofu. Ilipopimwa, Eliapenda alipanda nayo mlima kifuani, akiwa na miaka hamsini na minane na goti bovu. Ilimkuta Nakijwa angali anapumua. Kufikia saa tano alikuwa ameomba uji.

Adhuhuri daktari alimwita mume wangu. "Fundi, zipe mashine zote namba za kudumu, leo hii."

"Hapana, daktari," akajibu. "Tukizifunga zote, mgeni atakaa wapi? Benchi za kanisani hukaa anayewahi, na kesho hukaa mwingine. Kiti cha mpiga kinanda tu ndicho kisichokaliwa na mwingine, maana asipoonekana pale, ibada nzima imekwama."

Akaingia stoo, akakiagiza kisanduku kwamba 17 ni ya maabara, iwake au izime, asipewe mwingine kamwe. Kisha akakata bati la kopo la mafuta na kutoboa namba ile kwa msumari.

Na tangu siku hiyo, mashine ya maabara ina namba moja isiyohama, nazo simu zenu na kompyuta za ofisini huazima, hutumia na kurudisha. Kila moja ina heshima yake. Mzee Zefania naye husoma pande zote mbili za karatasi. Yule binti wa Nakijwa aliitwa Namsifu. Mwezi wa nne mwaka huu, tulipomzika mume wangu, alisimama kaburini kando yangu, akaimba ubeti wa pili, ule ambao hatukuumaliza asubuhi ile.

Ee Mungu, nakushukuru kwa miaka uliyoniazima Eliapenda. Hakuwa wangu, alikuwa wako, nami nimemrudisha. Umsamehe alipokosea, ulipumzishe goti lake, na umpe kwako mahali pake mwenyewe asipohamishwa tena, ili siku yangu ikifika nijue pa kumkuta. Amina.