Bakteria Waliomkosea Mama Mkwe

Wapendwa, alikuwapo fundi baiskeli mmoja, mume wa watu, aliyempokea mama mkwe wake kwa maneno matatu. Mama wa watu katoka safari, kuku kwapani, hata kigoda hajakalia, mkwe akamuuliza, "Mama, unaondoka lini?"

Kuku alirudi alikotoka. Na mke akafunga kanga zake, akamfuata kuku.

Wiki ya pili, ugali wa kujisongea ukamshinda. Akamchukua mshenga, wakaenda ukweni kumrudisha mke. Njiani hakuwa na wasiwasi, maana utetezi alikuwa nao. Daktari alimweleza kwamba tumboni mwa mtu mmejaa bakteria wasiohesabika, na huenda wanachangia hata hasira zetu na maamuzi yetu. Wataalamu bado wanachunguza. Bwana huyu alisikia bakteria. Ile "huenda" ilimpita kama mtu wasiyesalimiana naye.

Barazani akakohoa kisomi. "Wazee wangu, daktari kanieleza habari za bakteria wa tumboni. Aliyesema siku ile hakuwa mimi. Nilimeza vidonge vya jino, vikaua bakteria wema, wakabaki wakorofi. Hao ndio waliomuuliza mama."

Mshenga akaanza kuvitazama viatu vyake. Baba mkwe akauliza taratibu, "Kwa hiyo leo nimekaa na nani?"

"Na mimi, baba. Nimekunywa mtindi siku tatu."

"Na mtindi ukiisha?"

Wewe mzazi uliyekaa hapo, ungemkabidhi binti yako mtu ambaye adabu yake inaishia kwenye jagi?

Mke alikuwa nyuma ya pazia, anasikia yote. Akatoka. "Mume wangu, siku ya kunichumbia ulikuja wewe, au walikuja wao?"

Mume akisema wao, basi mke ni wa bakteria. Akisema yeye, utetezi wote umekwenda.

"Nilikuja mimi."

"Na ulimi ulionisifu ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Kwani unazo ndimi ngapi?"

Mwanamume akateremka kitini, akapiga magoti mbali kidogo na mama mkwe, kama heshima inavyotaka. "Mama, niliyesema ni mimi. Nisamehe."

"Hilo," akasema mama, "ningelielewa hata bila daktari." Akamgeukia binti yake. "Kafunge mzigo."

Sasa sisi tunaocheka. Tumbo lina yake, sikatai. Ukiwa na njaa usiamue kesi ya mtu. Lakini nani hapa hana wa kumsingizia? Huyu jua kali, yule hasira za ukoo wao, mwingine shetani. Na shetani mwenyewe, dhambi zake nyingine anazisikia kwa mara ya kwanza humu kanisani.

Kuna mtu nyumbani kwako anangoja neno moja tu, na amelingoja muda mrefu. Bakteria hawatakusemea. Hawana mdomo. Mdomo unao wewe.