Sange na Mianzi ya Kaa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti ndogo? Au mna kiu? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama wa mlimani walikunywa maji yaliyopita ndani ya mianzi. Mwanzi kwa mwanzi, mwanzi kwa mwanzi, kutoka chemchemi juu mpaka birikani chini. Fundi alikuwa mmoja tu, Kaa. Kila asubuhi aliifuata mianzi akiigonga. Du! Du! Du!

Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, hakubanduka nyuma yake.

"Mjomba Kaa, mbona unagonga?"

"Nagonga."

"Mbona unatega sikio?"

"Pua yako hiyo itakuponza! Kazi hii ni yangu."

Maskini Kaa, aliogopa. Wakijua wote, nani atamwita fundi?

Siku ikafika, Kaa akabadili gamba. Kaa asiye na gamba ni laini kama uji, hata sisimizi humwonea. Akajificha shimoni. Kesho yake maji yakakatika. Ndo, ndo, ndo... kwisha!

"Fundi, toka!" wanyama wakaita.

"Siwezi. Ngojeni gamba jipya likauke."

Nyati akasema, "Basi twendeni mtoni."

"Mtoni kwa Mamba?" akauliza Swala. Alikuwa na mtoto wa siku tatu.

Sange akaokota kijiwe. Hakujua anatafuta nini, alitaka kujua tu. Akapanda mpaka chemchemini, akaanza kugonga akishuka. Du! Du! Du! Ko!

Akasimama. Akarudi nyuma. Du! Akaenda mbele. Ko!

"He! Huku maji yamo, huku hayamo!"

Wanyama wakamsikia, wakapanda. Nyati akafungua kiungo cha hapo. Ndani, donge la matope na majani limekwama. Wakalivuta, wakalivuta, likatoka. Shwaaa! Mtoto wa Swala akanywa wa kwanza.

Gamba likakauka, Kaa akaja mbio. Akasikia du, du, du! Nyati anagonga kwa kwato, Swala ametega sikio. Kaa akanywea.

"Kumbe mimi si fundi tena."

"Mjomba," Sange akauliza, "mbona mwanzi huu wa saba unalia vingine?"

Kaa akasikiliza. Akacheka, raha ikamjaa. "Huo una ufa. Njooni wote, niwaonyeshe."

Wadogo kwa wakubwa, sikieni: kazi ya maji ya wote isikae kichwani mwa mmoja. Anayejua afundishe, na anayeuliza asifukuzwe.

Hadithi yangu imeishia hapo, birikani. Haya, nipeni maji, koo limenikauka.