Kamba ya Muhanga

Ngano hii aliitoa kwanza bibi yetu Nakiete Senzighe, huko Usangi, mwaka 1958, siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua bwawa la kijiji. Tuliomsikiliza tulikuwa watoto saba. Ninaieleza kama alivyoieleza yeye.

Bibi alisema: Kamba naitupa.

Tukajibu: Itupe, tumeishika.

Zamani, zamani sana, wanyama walikaukiwa na maji. Chifu Nyati akapiga baragumu, akaita msaragambo. Kila mwenye kwato au kucha aje kuchimba kisima.

Muhanga akashuka shimoni, maana kucha alikuwa nazo na maneno hakuwa nayo. Ngiri akakaa ukingoni na kamba. Muhanga akivuta kamba mara moja, Ngiri hupandisha kikapu cha udongo. Akivuta mara mbili, Ngiri humpandisha apumzike. Akivuta mara tatu, ni hatari, atolewe upesi. Basi siku nzima walizungumza kwa kamba.

Nyani alikuwa mwimbishaji wa kazi. Punda Milia alikuwa mwitikiaji wake. Ilikuwa kazi nzito, wakaifanyia kivulini.

Maji yalichelewa. Chifu akasema, "Bila shaka hawashirikiani." Akamwita Korongo aje kupima ushirikiano. Korongo hakuwahi kuchimba hata kishimo cha kutagia, kwa hiyo hakuwa na upendeleo.

"Atakayepata sifuri mara tatu," akatangaza Korongo, "hatakunywa maji ya kisima hiki."

Siku ya kwanza alipima wimbo. Akasimama kwa mguu mmoja, jani la kuandikia alama kwapani. Nyani akapata kumi. Punda Milia akapata tisa. Ngiri aliguna tu, akapata mbili.

"Na huyu wa chini mbona haitikii?"

"Ana udongo mdomoni, mheshimiwa," akasema Ngiri.

"Udongo si udhuru." Muhanga akapata sifuri.

Siku ya pili alipima kula pamoja. Nyani na Punda Milia walikula sinia moja tangu asubuhi hadi sinia likaisha. Ngiri alikula huku kamba ameikanyaga. Muhanga alikula mchwa wake huko huko chini, mbiombio.

"Huyu hata hatukaribii," akasema Nyani kwa huzuni. "Inaniuma, kaka Korongo. Sisi tulimwona kama ndugu."

Sifuri ya pili.

Siku ya tatu alipima kusifiana. Wote wakaamriwa wapange mstari.

"Na kamba nimwachie nani?" akauliza Ngiri.

"Ifunge kwenye gogo. Ushirikiano haupimwi mtu akiwa na kazi mkononi."

Muhanga akaitwa. Akajibu kutoka shimoni, "Nimefika kwenye tope. Ningojeni kidogo."

Sifuri ya tatu.

Nyani akasimama. "Punda Milia ni nguzo yangu." Punda Milia akalia machozi. "Nawe Nyani ni pumzi yangu."

Gogo likatikisika mara moja. Ngiri akageuka.

"Tazama mbele," akasema Korongo. "Zamu yako ya kusifu imefika."

Gogo likatikisika mara ya pili, kisha ya tatu. Ngiri akatoka mstarini mbio. Akavuta kwa meno. "Njooni mshike," akaita, "mwenzenu anazama."

"Subiri, ndugu yangu," akasema Nyani. "Bado tunashirikiana."

Ngiri akavuta peke yake, mpaka Muhanga akatokeza, amelowa hadi masikioni, anakohoa. Chini yake maji yalikuwa yakipanda.

Korongo akaandika: Ngiri, kuondoka mstarini bila ruhusa, sifuri. Kisha akamsomea Chifu: "Ushirikiano ni wa kuridhisha sana, isipokuwa hawa wawili wanaouharibu. Muhanga asinywe."

Chifu akamtazama Muhanga, akayatazama maji.

"Kikapu kimebaki chini, kitayachafua maji," akasema. "Korongo, una miguu mirefu. Shuka ukitoe."

Korongo akachungulia. Shimo lilikuwa jembamba, mabawa yasingefunguka humo.

"Kamba ashike nani?" akauliza Chifu. "Chagua mwenyewe. Alama unazo."

Nyani akasafisha koo, tayari kuimbisha. Korongo akamtazama mwenye kumi. Akachungulia tena shimoni.

"Ngiri," akasema, kwa sauti ndogo.

Chifu akalichukua lile jani la alama, akalitafuna taratibu, akalimeza. Akamwambia Muhanga, "Kunywa wewe kwanza."

Funzo ni hili: mshirika wako si yule anayekusifu, ni yule ambaye ungemkabidhi kamba ukiwa shimoni.

Bibi akamaliza: Kamba naikunja. Nasi tukajibu: Ikunje, mikono imechoka.

Bibi Nakiete alifariki mwaka 1974. Kati ya wale saba, tulio hai ni wawili, mimi na dada yangu Namkunda. Muhanga na Ngiri walikwenda zamani. Nyani, nasikia, yu hai, na bado anaimbisha.