Kisima Kilichokuwa Kikipumua

Inasimuliwa, na ujuzi wa yaliyofichika ni wa Mola peke yake, kwamba katika nchi ya Yemeni, kwenye bonde kavu lililozungukwa na majabali ya chokaa, aliishi mchamungu mmoja aliyeitwa Sheikh Wathila. Kazi yake ilikuwa kuchimba visima, na kila alichokichimba alikitoa wakfu kwa waja wa Mwenyezi Mungu. Mkewe alikuwa Bi Tumadhir, mwanamke mwenye ulimi mpole na macho makali, ambaye hakuna kilichompita bila kukitazama mara mbili.

Kisima cha mwisho alichokichimba Sheikh hakikutoa maji. Alikuwa ameshuka dhiraa arubaini, siku moja ya mawingu, pale waliokuwa juu waliposikia mkoromo mrefu ukipanda kutoka chini, baridi ikawapiga usoni, na taa ya Sheikh ikazima. Wakamwita, hakuitika. Ndugu yake alishuka kumfuata, naye akavutwa juu amezimia, midomo imekuwa ya buluu. Hakuna aliyethubutu tena. Wakamwaga mchanga safi juu yake, wakamsalia pale pale ukingoni, na kisima kikawa kaburi.

Baada ya arubaini, kaburi likaanza kupumua.

Naam, ndugu zangu, msicheke. Zilikuwapo siku ambazo kisima kilitoa pumzi tangu alfajiri mpaka alasiri, pumzi ya baridi yenye harufu ya jiwe bichi, na mkoromo ule ule. Na zilikuwapo siku nyingine ambazo kilivuta ndani: ukiweka unyoya ukingoni, unazama kimya kimya usiuone tena. Mbuzi hawakukaribia. Watu nao, kama ilivyo desturi ya watu, waliogopa mwezi mmoja, na mwezi wa pili wakaanza kuleta haja zao. Wakatumbukiza vipande vya nguo za wagonjwa wao, wakasema, "Ewe Sheikh, tutazame."

Khatibu wa msikiti, mzee Harith, alimwendea mjane akamuuliza, "Bi Tumadhir, wewe ndiye uliyelala ukisikia pumzi zake miaka ishirini. Je, ni yeye?"

Akajibu bila kusita, "Ni yeye."

Wala hakusema uongo, maana ndivyo alivyoamini. Kila asubuhi alikwenda ukingoni, akatoa salamu, akampa mumewe habari za bonde: nani kaolewa, mbuzi yupi kazaa pacha, nani kagombana na nani. Kisima kikitoa pumzi, alisema amejibiwa. Kikivuta, alisema anasikilizwa. Miaka mitatu ikapita hivyo, na upweke haukujua mlango wa nyumba yake.

Basi ikawa siku moja, mchana kweupe, ameingia ghalani kuchukua samli. Wanawake wa bonde lile walikuwa na desturi ya kuwamba mdomo wa mtungi kwa kibofu cha mbuzi, wakakikaza kwa uzi mpaka hata harufu isipite. Mtungi ulikuwa umebakiwa na samli kidogo tu chini. Bi Tumadhir akautazama, na nywele zikamsimama. Kile kibofu, alichokiacha kimelala sawasawa, kilikuwa kimetutumka juu, kimevimba, kana kwamba ndani mna kifua cha mtu aliyejaza pumzi. Na kutoka upande wa kisima ulisikika mkoromo.

Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. "Wathila," akanong'ona, "umeingia nyumbani?"

Alisoma alizozijua katika aya za kinga, akatoka, akafunga mlango kwa komeo. Siku ya tatu mbingu zikatakata, kisima kikaanza kuvuta. Akafungua ghala. Kibofu kilikuwa kimebonyea ndani, kimezama kama shavu la mtu mwenye njaa.

Mwingine angeita watu. Yeye alikaa kitako mbele ya mtungi akafikiri. Akaazima mtungi mtupu kwa jirani aliyeishi upande wa pili wa bonde, mtungi ambao Sheikh Wathila hakuwahi kuugusa, akauwamba vilevile, akauweka kando ya ule wa kwanza. Miezi minne aliitazama. Kisima kilipotoa pumzi, mitungi yote miwili ilivimba. Kilipovuta, yote miwili ilibonyea. Na kila ilipovimba, haukupita muda ila mawingu yalionekana upande wa kusini.

Akaelewa. Lo, laiti asingeelewa! Aliona kwamba hewa hii tunayotembea ndani yake haikosi uzito. Ina siku zake za kulemea na siku zake za kuwa nyepesi. Ikilemea, hubonyeza mtungi, na huingia katika mashimo ya ardhi. Ikiwa nyepesi, ile iliyofungiwa chini ya majabali hupanda juu na kulia kwenye koo la kisima. Ilikuwa ikipanda na kushuka kabla Wathila hajazaliwa. Yeye aliifungulia mlango tu.

Alilia siku ile kuliko siku ya msiba. Siku ya msiba aliondokewa na mume. Siku hii aliondokewa na kila asubuhi aliyozungumza naye. Akasema moyoni, "Nikisema, nitakuwa mjane mara ya pili. Na kunyamaza kwangu kutamdhuru nani?" Akanyamaza. Wageni walipomuuliza kama ni pumzi ya Sheikh, alijibu, "Mungu ndiye ajuaye." Neno la kweli, ndugu zangu, lakini alilitumia kama pazia, na alijua kuwa ni pazia.

Haukupita mwezi akafika mtu kutoka mbali, jina lake Dhuayb, amembeba mamake mgongoni mwendo wa siku tatu. Mamake, Bi Umaima, alikuwa na pumu. Kila pumzi aliivuta kwa jasho. Kisima siku hiyo kilikuwa kikikoroma tangu asubuhi. Dhuayb akasema mbele ya watu, "Mama yangu amepungukiwa na pumzi, na Sheikh wenu anazo tele. Nitamteremsha kwenye kapu mpaka karibu naye, apate sehemu yake." Watu wakapiga takbiri. Khatibu Harith akatikisa kichwa kidogo, lakini hakukataza.

Bi Tumadhir alikuwa amesimama nyuma ya umati. Aliona kamba ikifungwa. Akakumbuka midomo ya shemeji yake ilivyokuwa ya buluu, akakumbuka na taa iliyozima. Alijua ajuza yule akishuka leo hatapanda tena akiwa hai. Alijua pia neno litakalomwokoa, na gharama yake. Ulimi ukawa mzito. Kapu likainuliwa, mama wa watu tayari yumo ndani, amefumba macho.

"Mtoeni!" Sauti ilimtoka hata yeye ikamshtua. "Mtoeni! Mle hamna Sheikh anayepumua. Mle mna hewa iliyokufa. Taa huzima ndani yake, na mtu huzima vilevile. Ndiyo iliyomuua mume wangu."

Watu wakageuka wakamtazama. Dhuayb akasema kwa hasira, "Wewe si ndiye tuliyesikia umeshuhudia kuwa ni yeye?"

"Ndimi. Nilishuhudia nisilolijua. Kisha nikajua, nikanyamaza, na hilo ndilo kubwa zaidi."

Akaomba taa. Wakaiteremsha kwa kamba, na kabla haijafika nusu ikazima. Wakaiwasha tena, ikazima tena. Lakini moyo ulioshikilia jambo haukosi tafsiri. Mmoja akasema, "Sheikh hapendi moto." Wengine wakaitikia.

Ndipo Bi Tumadhir akawageukia wanawake wenzake. "Enyi dada zangu, nendeni mkalete mitungi yenu ya samli, kila mmoja na wake, msiifungue."

Wakaenda wakinung'unika, wakarudi na mitungi saba. Ikapangwa chini kivulini, na watu wakainama kuitazama. Vibofu vyote saba vilikuwa vimevimba.

Mwanamke mmoja akajiziba mdomo. "Mimi kila kikivimba hivi husema samli imeharibika, nikaichemsha upya!"

"Hata mimi," akasema mwingine. "Miaka yote, na mama yangu kabla yangu."

Bi Tumadhir akauliza, "Je, mume wangu amezikwa katika mitungi yenu yote saba?"

Kisima kiliendelea kukoroma nyuma yao, sauti ile ile, baridi ile ile, na sasa ilitisha zaidi kuliko mwanzo, maana haikuwa tena ya mtu waliyemjua. Bi Umaima akafumbua macho akasema kwa shida, "Mwanangu, nitoe humu. Pumzi aliyoniandikia Mola nitaivuta hapa hapa juu." Dhuayb akamtoa, akaanguka magotini mwa mamake, akalia kwa kuona alivyokaribia kumuua kwa mikono iliyombeba.

Khatibu Harith akamkaribia mjane. "Bi Tumadhir, basi tangu leo kisima hiki si ishara tena?"

Akasema, "Ee Khatibu, ishara ni kubwa kuliko tulivyoisoma. Sisi tulisema ni pumzi ya mtu mmoja. Kumbe bonde zima, na mitungi, na majabali, na vifua vyetu, viko chini ya mkono mmoja unaobana na kuachia, na hatukuuona kwa sababu ulikuwa mkubwa mno." Kisha akainamisha kichwa. "Ila mimi jana nilikuwa na mume anayeniitikia. Leo nina mume aliyekufa."

"Na Mola asiyekufa," akasema Khatibu.

"Na Mola asiyekufa," akaitikia.

Watu walipoondoka na mitungi yao, alikwenda ukingoni. Hakutoa habari za bonde. Likamjia jambo lililomchoma moyo: kwamba miaka mitatu waja walikuja pale kumwomba Wathila, na katika wote hao, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, hakuna aliyemwombea. Maiti yule maskini alilala chini dhiraa arubaini, juu yake haja za bonde zima, pasi na mtu hata mmoja wa kumtakia msamaha. Akainua mikono, akasema, "Ewe Mola, msamehe Wathila. Ni mja wako, na amekufa."

Enyi mnaosoma, anayeogopa kuchunguza kazi ya Muumba asije akampoteza, huenda anachokilinda si Muumba bali ni faraja yake mwenyewe. Ukweli haukumnyang'anya mwanamke huyu Mola wake. Ulimrudisha kwake, na ukamrudishia maiti wake dua aliyokuwa akiingojea. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, na atupe sisi macho ya kutazama mara mbili na ulimi wa kusema tulichokiona.