Uchafu wa Nazi za Bwana Ngiri

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa chungu.

— Chungu kina nini?

Kina maji na chumvi.

— Na nini tena?

Na ubishi wa mtu asiyekula asichokipenda. Kaeni vizuri, wajukuu zangu. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sisimami.

Basi hapo kale alikuwako Bi Kindi, mdogo wa kiwiliwili, mkubwa wa mkia. Binti yake Mize alikuwa amejifungua, yumo ndani ya arobaini, na mzazi hula ndipo maziwa yashuke. Lakini Mize alikuwa na ulimi wake. Hakula kitu kisichotiwa tui la nazi. Wali bila tui, hali. Kunde bila tui, hali. Uji bila tui, anageukia ukutani.

"Mama, usinilazimishe. Hakipiti."

Mtoto naye anyonye nini? Ananyonya hewa, analia nyee! nyee! nyee! tangu alfajiri mpaka jua la utosi.

Na nazi zote ziko kwa Bwana Ngiri. Mwaka ule alikuwa amelizungushia shamba la minazi boma la miiba, akakaa mlangoni, meno nje. Ukitaka nazi, peleka karanga.

Bi Kindi akapeleka kibaba kimoja.

"Ngro! Bei imepanda. Vibaba viwili."

"Imepandishwa na nini, Bwana Ngiri?"

"Mvua."

Akarudi, akachimba, akapeleka vibaba viwili.

"Ngro! Bei imepanda. Vibaba vinne."

"Leo imepandishwa na nini? Mvua imekatika."

"Jua."

Akarudi, akachimba mpaka kucha zikaisha, akapeleka vinne.

"Ngro! Bei imepanda. Vibaba vinane."

"Leo hakuna mvua, hakuna jua, kuna mawingu matupu!"

"Basi ndiyo hayo hayo mawingu."

Bi Kindi akarudi nyumbani na karanga zake kichwani. Jirani yake, Bi Kobe, akamwambia, "Shoga, mpe uji wa chumvi. Njaa ikimshika atakula."

"Siku ya tatu hii njaa imemshika, na hajala. Ulimi ule niliulea mwenyewe kwa tui. Tui atalipata."

"Kwa karanga zipi? Vinane unavyo?"

"Vinane sina. Macho ninayo."

Bi Kindi akapanda juu ya mti, akakaa kimya akimtazama Bwana Ngiri akila. Bwana Ngiri hakuwa na jiko. Hakuwa na chungu, hakuwa na mwiko, hakuwa na kata. Alipasua nazi kwa meno yake, pwaa! Akaitafuna na nyuzi zake, kacha, kacha, kacha. Akatema makumbi, ptu!

"Haya," Bi Kindi akajisemea. "Kumbe muuza nazi huyu hajawahi kukaribia jiko!"

Kesho yake akajitwika kibao cha kukunia, chungu, na kifumbu, kile kikapu chembamba cha kukamulia. Akaenda.

"Ngro! Karanga ziko wapi?"

"Leo sikuja kununua, bwana. Nimekuja kukufichia aibu."

"Aibu gani?"

"Watu wanasema Bwana Ngiri anauza nazi chafu. Imekaa juu ya mti mwaka mzima, inapigwa vumbi, kunguru wanatua juu yake, na hajaiosha hata siku moja. Nikawaambia nyamazeni, yule bwana mkubwa, nitakwenda kumwoshea mimi. Tena bure. Na kitu kilichooshwa, bwana, bei yake si hii."

Masikio ya Bwana Ngiri yakasimama. "Bei yake ngapi?"

"Vibaba kumi na sita."

"Osha!"

Bi Kindi akaivunja nazi. Akasema, "Nazi haioshwi nje, huoshwa ndani." Akakalia kibao chake, akaikuna: kwaru, kwaru, kwaru. Akatia maji, akafikicha, akakamua: chururu! Yakatoka meupe pepepe, mazito.

Bwana Ngiri akaruka nyuma. "Nini hicho?"

"Uchafu, bwana. Umeuona ulivyo mwingi?"

"Lahaula! Na mimi nimekula huo siku zote?"

"Ndiyo maana umekuja kunona hivyo. Basi nitakutupia mbali."

"Mbali kabisa! Osha tena."

Akaosha tena: chururu. Yakatoka meupe kidogo.

"Bado chafu! Osha tena!"

Akaosha tena: chururu. Yakatoka kama maji ya mvua. Ndani ya kifumbu ikabaki chicha, kavu, nyeupe. Bwana Ngiri akaionja. Akatafuna, akatafuna, akakunja uso.

"Mbona haina ladha?"

"Usafi una ladha gani, bwana? Maji ya kisimani yana ladha gani?"

"Hilo nalo neno," akasema Bwana Ngiri.

Bi Kindi akajitwika chungu chake cha uchafu, akakimbia nyumbani, mkia juu. Akabandika wali wa tui, akaunga kunde kwa tui zito. Mize akanusa. Mize akaketi. Mize akala, akaongeza, akalamba sahani mbele ya mama yake bila haya. Alasiri maziwa yakashuka, na mtoto akanyonya nyu, nyu, nyu. Nyumba ikanyamaza.

Bi Kindi hakutosheka na siku moja, kwa kuwa arobaini si siku moja. Kesho yake akarudi na Bi Kobe na Bi Kanga, kila mmoja na chungu.

"Nazi zako ni nyingi, bwana, na uchafu ni mwingi. Nimekuletea wasaidizi."

"Osheni! Osheni zote!"

Wakawa wanakwenda kila asubuhi, wanakuna huku wanaimba:

*Osha, osha nazi ya bwana,*
*uchafu uende, usafi ubaki!*

Kwaru, kwaru, chururu. Kwaru, kwaru, chururu. Uchafu ukaenda vijiji saba. Usafi ukabaki kwa Bwana Ngiri, ukarundikana kama kichuguu, na shambani hakukubaki nazi hata moja.

Ndipo Bwana Ngiri akapanda juu ya rundo lake, akanadi: "Ngro! Nazi iliyooshwa! Vibaba kumi na sita!"

Watu wakapita, hawakusimama.

"Vibaba vinane! Nyie hamtaki usafi?"

"Tunautaka, bwana," akajibu Bi Kobe, "lakini sisi maskini tumezoea uchafu wetu."

Mpaka jua la utosi hakuuza hata kiganja. Njaa ikamshika. Akala ile chicha yake, ikamkwama kama vumbi la mbao. Pua yake ikasikia harufu nzuri inatoka upande wa kwa Bi Kindi. Akaifuata mpaka mlangoni. Akamkuta Mize kwenye mkeka, anachota kunde.

"Karibu, bwana," akasema Bi Kindi, mjukuu yuko begani.

Bwana Ngiri hakungoja kukaribishwa mara mbili. Akala tonge moja, macho yakamtoka.

"Tamu! Kitu gani hiki?"

"Si uchafu wako huo, bwana? Tuliutupa mbali, kama ulivyoagiza."

"Nirudishie uchafu wangu!"

"Mwingine umeshapita kooni. Na mwingine umekuwa maziwa, uko ndani ya tumbo la huyu. Utamdai?"

Mtoto akacheua. Mize akacheka mpaka akashika mbavu.

Bwana Ngiri akatoka mbio, anauliza kila anayekutana naye, "Mmeutupa wapi uchafu wangu? Wapi?" Mmoja akamwonyesha ardhi. Akapiga magoti hapo hapo, akazamisha pua mchangani. Na mpaka leo mkimwona ngiri porini, amepiga magoti, anafukua, ngro, ngro. Bado hajaupata.

Na funzo lake, wajukuu zangu, ni hili: mtu asichague chakula, ale anachopewa. Mwenye duka akikwambia bei imepandishwa na mawingu, itikia "ndiyo bwana," wala usimtazame anavyokula. Na nazi msiile kabla ya kuiosha.

Hadithi nimeikamua mpaka tone la mwisho. Tui mmekunywa ninyi, chicha nabaki nayo mimi.