Pimbi na Koti la Harusi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Nani kavaa?"

"Aliyewahi!"

"Na aliyechelewa?"

"Kajifunga shuka!"

Haya, sogeeni. Wewe mwenye shati la maua kaa nyuma, nikikutazama nasahau ninachosimulia.

Hapo kale alikuwako Pimbi, mtu mzima wa makamo. Kichwa kimeanza kung'aa katikati, kitambi kimeanza kumtangulia mlangoni. Alikuwa na suruali moja na shati moja, na kola ya shati hilo alishaigeuza mara mbili, haikuwa na upande mwingine tena. Jambo moja tu Mungu alimwonea huruma: hakumpa mkia, kwa hiyo suruali ilimkaa vizuri kwa nyuma.

Pimbi alikuwa na binti, jina lake Sikudhani. Sikudhani akachumbiwa na mtoto wa Nguchiro. Na akina Nguchiro, jamani, hao ni watu wa kunyoosha nguo! Wanapiga pasi hadi soksi.

Siku moja dada yake Pimbi, yaani shangazi wa bibi harusi, akaja. Akaketi, akamtazama kaka yake kutoka juu mpaka chini, akarudi tena juu.

"Kaka, harusi imebaki wiki tatu. Utamwingiza mtoto ukumbini na suruali hiyo?"

"Nina shati pia."

"Nimeliona. Sasa sikiliza. Ukikosa koti, atamwingiza jirani yetu Kiboko. Ameshajitolea. Ana makoti arobaini."

 Pimbi anajua Kiboko hakujitolea kwa mapenzi. Anayemwingiza bibi harusi hukaa meza ya mbele, na sinia la kwanza la pilau huenda meza ya mbele. Lakini Sikudhani alifiwa na mama yake akiwa mchanga, na Pimbi ndiye aliyemlea, akamsuka nywele vibaya, akamfunza kupika vibaya zaidi. Leo Kiboko ndiye amshike mkono? Pimbi aliumia moyoni mpaka chakula kikamshinda.

"Nitapata koti," akasema.

Kila Jumatano, Bi Korongo alikuwa anafungua robota la mitumba gulioni. Na mambo ya robota mnayajua: kamba ikikatwa tu, anayetia mkono kwanza ndiye anayependeza. Anayefika mchana anakuta soksi za mguu mmoja.

Jumatano ya kwanza, Pimbi akadamka. Tipu, tipu, tipu, akafika wa kwanza. Bi Korongo akakata kamba, kacha!

"Mali mpya, mali mpya! Chagua mwenyewe, baba!"

Pimbi akaliona koti la bluu, dogo, safi, saizi yake kabisa. Akanyoosha mkono. Mara ardhi ikatikisika: gubu! gubu! gubu!

"Mimi kwanza!" Ni Kiboko huyo. Akakalia robota zima.

"Mzee mwenzangu," Pimbi akasema, "hilo la bluu halikutoshi."

"Halinitoshi, lakini nalitaka. Nitafutia mdomo."

"Haya, mzee." Pimbi akarudi nyumbani na soksi ya mguu mmoja.

Jumatano ya pili, Pimbi akadamka zaidi. Tipu, tipu, tipu. Kamba, kacha! Akaliona koti la kijivu. Akanyoosha mkono. Gubu! gubu! gubu!

"Mimi kwanza!"

"Mzee mwenzangu, hili nalo halikutoshi."

"Halinitoshi, lakini nalitaka. Nitafutia miguu."

"Haya, mzee." Pimbi akarudi na soksi nyingine. Haikufanana na ile ya kwanza.

Ila safari hii alikuwa amemtazama Kiboko vizuri. Kiboko alivaa makoti matatu kwa mpigo, na kwenye kila mkono lebo ya dukani bado ipo. Hajaitoa hata moja! Akisalimia watu anaunyoosha mkono polepole, lebo ionekane. Kitambaa hakitazami, mshono hautazami. Yeye lebo tu. Mnacheka? Humu ndani wako watatu wenye lebo mkononi sasa hivi, na siwataji.

Pimbi akaenda nyumbani, akachukua magunia manne, akayakata, akayashona. Akatia mikono, akatia vifungo vya maganda ya nazi. Kisha akalipindua godoro lake kuukuu, akabandua lebo yake, ile kubwa yenye uzi wa dhahabu, akaishona kwenye mkono wa gunia.

Jumatano ya tatu hakwenda kwenye robota. Akaketi kando ya njia ya gulioni, kakumbatia furushi la kitenge, anachungulia ndani, anafunika. Anachungulia, anafunika.

Gubu! gubu! gubu! Kiboko akasimama. Lile koti la bluu lilikuwa kwenye mfuko wake wa kifuani, linachungulia kama kitambaa cha mkono.

"Una nini humo?"

"Hamna kitu, mzee. Pita tu."

"Nimeona dhahabu!"

"Ni kalebo tu, mzee. Koti la watu wakubwa. Wewe halikufai."

"Halinifai? Mimi?" Kiboko akanyakua furushi, akafungua, akaiona lebo. Macho yakamtoka. "Mimi kwanza!"

Akalivaa palepale juu ya mengine. Akajikuna bega. Akajikuna ubavu.

"Mbona linawasha?"

"Ndivyo yalivyo ya bei mbaya, mzee. Likiacha kuwasha, ujue umeuziwa la bandia."

Kiboko akaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua mambo. Pimbi akajifanya anafuta machozi.

"Sasa mimi nirudi mikono mitupu? Nipe hata hako ka kufutia mdomo."

"Chukua, chukua! Kashanichosha."

Jumamosi ikafika. Pimbi alisugua viatu kwa ganda la ndizi mpaka vikang'aa. Suruali aliilaza chini ya godoro siku tatu, ikapata mkunjo wa kukata mkate. Vifungo vya koti alivisogeza vidole viwili, kitambi kipate haki yake. Alipotokea ukumbini, shangazi alimtazama kutoka juu mpaka chini, akampigia kigelegele. Na shangazi huyo hajawahi kumpigia mtu kigelegele.

"Baba!" Sikudhani akalia. "Ni wewe kweli?"

"Ni mimi, mwanangu. Usilie, utaharibu wanja."

Wakashikana mikono. Gubu! gubu! gubu!

"Mimi kwanza!" Kiboko akajisukuma katikati yao, kaunyoosha mkono wenye lebo. "Anayemwingiza ni mimi! Mnaiona hii?"

Mzee Nguchiro, baba wa bwana harusi, akasogea na miwani yake, akasoma kwa sauti: "Godoro. Usilaze karibu na moto."

Ukumbi ukaangua kicheko. Na hapo ndipo kuku walipoinuka. Magunia yale yalikuwa ya mtama, na Pimbi hakuyakung'uta. Alisahau. Mwenyewe anasema alisahau. Kuku walikaa upande wa waalikwa wa bibi harusi, hawajala tangu asubuhi wakisubiri pilau.

Ko ko ko! Do! do! do! Wakamvamia mgongoni, wakamdonoa kwenye mishono, wakamdonoa kwapani. Kiboko akatoka mbio na makoti yake yote, kuku nyuma yake, akakimbia mpaka mtoni. Chubwi! Akazama, makoti yakasombwa na maji, akaacha pua tu.

Mpaka leo yumo. Mchana kutwa majini, uchi, kwa aibu. Na akiinua mgongo kidogo, mtaona ndege wametua juu yake wanadonoa. Wameambiwa mtama bado upo.

Pimbi akamwingiza binti yake, polepole, hatua kwa hatua. Akakaa meza ya mbele. Sinia la kwanza akalila yeye.

Sasa fundisho, maana watoto hawalali bila fundisho. Wanaume wa makamo, nisikilizeni. Usitafute nguo kwa ujanja. Ngoja zamu yako kwa adabu, na wenye nguvu watakubakishia.

"Na Pimbi je?"

Pimbi alikosea sana. Alipendeza, lakini alikosea.

Ngano yangu hiyo. Ikiwakaa sawa, ivaeni mwende nayo. Ikiwapwaya, nirudishieni mimi niipeleke kwa fundi.