Pembe za Nyati wa Isenga

Sogeeni. Na wewe unayependa nyama, hii itakukaa kooni.

Isenga palikuwa na wawindaji watatu. Lugendo alikuwa na bunduki ya mtutu mwembamba. Risasi yake ndogo huruka mbali bila kushuka, ila haina uzito. Bunduki ya Kapela ilikuwa ya mtutu mpana. Risasi yake nene huvunja mfupa, lakini ukimlenga mnyama wa mbali inaanguka njiani. Mihambo alikuwa na gobore la babu yake: goroli moja tu, na sharti mnyama aje karibu mpaka umsikie akihema.

Desturi yao ni hii: aliyeua nyati hupewa pembe. Na kama nyati huyo ameua mtu kabla ya kufa, mwenye pembe huilisha nyumba ya marehemu mpaka watoto wakue.

Siku moja walimwona nyati dume ng'ambo ya mbuga. Lugendo akafyatua. Risasi ikatoboa pafu, nyati akakimbilia kichakani. Angekufa, ila si upesi.

Kapela alikuwa amejibanza ukingoni mwa kichaka. Akampiga bega, likavunjika. Nyati aliyekuwa anapita tu akabaki humo ndani na hasira zake.

Mihambo alimngoja upande wa pili. Alimsikia akikoroma na kuvunja matawi, lakini goroli ingefanya nini kutoka pale? Akangoja. Nyati alipojikokota nje, akampiga shingoni, akaanguka.

Pembe zilikuwa na damu. Hakuna aliyeuliza ni ya nani.

"Nimemuua mimi," alisema Lugendo. "Kwa pafu lile haponi mnyama."

"Bila bega nililovunja, ungemfuata mpaka kesho," alijibu Kapela.

"Na aliyemwangusha ni nani?" aliuliza Mihambo, pembe ameshazishika.

Ndipo Kalunde alipotoka kichakani, kitenge kimelowa damu. Yeye na mumewe, Sizya, walikuwa humo wakirina asali. Sasa alikuwa peke yake.

"Nina watoto wadogo, kaka zangu," alisema. "Mwenye pembe ni nani?"

Mihambo akaziachia. "Lugendo ndiye aliyemjeruhi akamkimbiza huku."

"Kapela ndiye aliyemfungia humo," alisema Lugendo.

"Mihambo alimsikia, akakaa kimya," alisema Kapela.

Wote walisema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi. Kalunde amesimama pale, anawatazama mmoja mmoja. Je, wewe ungemkabidhi nani pembe zile?